Bunduki ya Baba Mdogo

Baba mdogo alinipigia simu Jumapili moja ya mwezi wa pili, akaniuliza kama kompyuta yangu inaweza kujua bei ya bunduki. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa ameacha kuendesha mabasi baada ya miaka 22 barabarani, amerudi Kilole, na shamba la babu lilikuwa sasa mikononi mwake. Msimu uliopita nguruwe pori walikula karibu robo ya mahindi, na walichobakiza wao walikimalizia kima na nyani. Babu, ambaye ndiye pekee mwenye kibali cha silaha kwenye ukoo wetu, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Wewe ndiye msomi wetu," baba mdogo aliniambia. "Nitafutie ya bei nafuu. Ila nataka ile ya kauboi."

Nilijua ni ipi bila kuuliza. Nilipokuwa mdogo alikuwa akija likizo anatupeleka mimi na kaka zangu kwenye banda la video pale Korogwe mjini, tunakaa kwenye mabenchi ya mbao, tunatazama watu wenye kofia pana wakifukuzana juu ya farasi. Bunduki zao zilikuwa na pete ya chuma chini ya kifyatulio. Mtu anaisukuma mbele, anairudisha, ganda linaruka, anapiga tena. Tukirudi nyumbani baba mdogo alikuwa akichukua kipande cha bua la mkonge na kutuonyesha. Kwa hiyo mtu wa miaka 49 ambaye hajawahi kupiga risasi hata moja maishani alikuwa tayari ameshachagua bunduki yake, na kazi yangu ilikuwa bei tu.

Niliichukulia kazi hiyo kama ninavyochukulia kazi za darasani. Nilinunua daftari.

Ile pete ya chuma ni wenzo, neno lilelile tulilofundishwa kwenye fizikia ya kidato cha pili. Ukiusukuma, unatoa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa na kuitega nyundo. Ukiurudisha, unaingiza risasi nyingine kutoka kwenye bomba refu lililolala chini ya mtutu. Bunduki iliyoupa wenzo huo jina ni Henry ya mwaka 1860, ya Mmarekani Benjamin Tyler Henry, iliyobeba risasi 16 wakati askari wengi wa dunia bado walikuwa wanashindilia baruti kwa kijiti baada ya kila mlio. Baadaye zikaja za Winchester. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuwa na Winchester ya namna hiyo, ya risasi kubwa, na aliitumia kwa simba.

Lakini baba mdogo hakuhitaji ya simba. Kwa mtu anayejifunza, kila ninaposoma walikuwa wanashauri kitu kimoja: anza na ndogo, ile ya .22. Risasi yake ni ya aina inayowaka ukingoni. Unga wa kuwashia haupo katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa, umetandazwa ndani ya ukingo wake, na nyundo inapoubonyeza ukingo huo ndipo baruti inashika moto. Ganda likishapigwa halijazwi tena, linatupwa. Risasi yenyewe ina gramu mbili na nusu hivi, na ile inayotumika zaidi leo imekuwepo tangu mwaka 1887. Haipigi bega. Mlio wake ni mdogo. Ni rahisi kuliko risasi nyingine karibu zote, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupiga nyingi mpaka mkono uzoee.

Nikaandika majina. Henry ya leo, inayotengenezwa Marekani na kampuni iliyochukua jina la yule mzee, ya kilo mbili na nusu hivi, inabeba risasi 15, na huko kwao inauzwa takribani dola 400. Browning BL-22, inayotengenezwa Japani, wenzo wake una mwendo mfupi sana na bei yake ni kubwa zaidi. Marlin 39A, ambayo ukoo wake unarudi nyuma hadi mwaka 1891. Rossi ya Brazil, iliyo nafuu kuliko hizo zote. Kwenye safu ya faida niliandika: nyundo iko nje, unaona kwa macho kama imetegwa au haijategwa. Na hii niliipigia mstari: baba mdogo ni mtu wa mashoto. Bunduki nyingi za .22 zina komeo upande wa kulia, anayepiga kwa mkono wa kushoto lazima ajipindepinde. Wenzo uko chini, katikati, haumjali mtu wa mkono gani. Nilimpigia simu kumweleza hilo akacheka kwa furaha kama mtu aliyeambiwa kuwa ndoto yake ina sababu.

Mwezi wa nne nilikuwa na safari ya Dar es Salaam, nikaingia kwenye duka moja la silaha na daftari langu. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Binti," akasema, "umenieleza bunduki vizuri sana. Sasa nieleze shamba."

Nikamweleza. Liko bondeni, upande wa Lwengera, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka nyumbani Kilole. Ekari tatu, mahindi na kunde. Kulia shamba la jirani, kushoto shamba la jirani, na mbele kuna njia wanayopita watoto wa shule na wanawake wanaokwenda kuchota maji.

"Na anapiga nini?"

"Nguruwe pori. Na kima."

"Kima, sawa. Nguruwe kwa ishirini na mbili?" Alitikisa kichwa. "Hamuui. Anamuumiza, na nguruwe aliyeumia anarudi. Halafu risasi hiyo unayoiona ndogo, akikosa, inakwenda zaidi ya kilomita moja kabla haijaanguka. Nyuma ya nguruwe kilomita moja kwenu kuna nini?"

Nilitazama daftari. Nilikuwa na safu ya uzito, safu ya bei, safu ya idadi ya risasi. Sikuwa na safu ya hilo.

Akaniambia pia kwamba hizo za wenzo hana, na hajawahi kuulizwa mara nyingi. Kuagiza moja kutoka nje, na vibali vya kuiingiza, ile bei ya Marekani ningeisahau. Alikuwa na za .22 za komeo, na alikuwa na bunduki moja ya marisau, zile ambazo wengi tunaziita shotigani, ya mtutu mmoja, imeshatumika. Unaivunja katikati, unaweka risasi moja, unaifunga. Ukishapiga, unaivunja tena. Marisau yake, alisema, yanapoteza nguvu mapema, hayasafiri kama risasi ya raifo. "Haina sura," alisema, "ila ndiyo bunduki ya mkulima."

Sikumpigia simu baba mdogo siku hiyo. Nilijua hataipenda.

Mwezi wa sita nilikwenda nyumbani. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka, na kila jioni baba mdogo alikuwa akienda shambani kulala. Asubuhi ya kwanza nilimfuata kumpelekea chai. Nilipofika mpakani, kwenye mti wa mwembe, nikafanya tunachofanya wote wa nyumba yetu: nikapiga hodi. Kwa sauti, mara tatu, kama niko mlangoni kwa mtu. Hakuna anayeingia kwenye lile shamba bila kupiga hodi. Tangu utoto nilidhani ni adabu kwa wahenga, au ni njia ya kufukuza nyoka. Rafiki zangu wa shule walikuwa wakinicheka.

Jioni yake tulikaa barazani, babu kwenye kiti chake cha kamba, bibi akipukuchua mahindi, baba mdogo akiwa hajaondoka bado. Gobore la babu lilikuwa limetolewa ndani ili lipakwe mafuta. Ni bunduki ya kushindilia. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha nyuzi za mkonge kama kizibo, unashindilia kwa kijiti, unaweka gololi, unaweka kizibo kingine, unashindilia tena, halafu unaweka fataki chini ya nyundo. Babu akiwa na macho yake na mchana ukiwa mweupe, kazi hiyo ilikuwa ikimchukua zaidi ya dakika moja. Sitaki kulisifia. Magobore yameshapasuka na kukata watu vidole, mvua ikinyesha fataki hazishiki, na la babu limefungwa waya sehemu mbili. Lakini lina namba, limesajiliwa, na kibali chake amekitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa.

"Haya, mke wangu," babu akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mjukuu wake tangu nizaliwe, na bibi huniita mke mwenza. "Soma hiyo tenda yako."

Nikasoma. Nilisoma zote, za wenzo kwanza, kwa sababu baba mdogo alikuwa ananitazama. Babu alitaka kushika kitu, kwa hiyo nikamwekea mikono kwenye gobore na kumweleza: wenzo ungekuwa hapa, nyundo iko hapa kama ya hili, bomba la risasi liko huku chini. Alikuwa anaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Nyundo ya nje aliipenda. Akauliza swali moja tu.

"Linabeba ngapi?"

"Kumi na tano."

"Kumi na tano," akarudia. "Anataka kupigana na nani?"

Baba mdogo akajibu kwa heshima, ila nilisikia anajizuia. "Baba, nguruwe hawaji mmoja. Wanakuja kumi. Ukiwa na gobore ukishapiga mmoja, waliobaki wanakula huku unashindilia. Na si lazima niweke kumi na tano. Naweza kuweka moja."

"Utaweka moja siku ya kwanza," babu alisema.

Kimya kikapita. Bibi aliacha kupukuchua. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mwambie. Amekuwa mtu mzima."

Babu hakuniambia. Ni bibi aliyesimulia.

Nilikuwa na miaka sita. Ulikuwa wakati wa mavuno, na nyumba nzima tulikuwa tumehamia shambani kulala, kwenye kibanda. Babu alikuwa juu ya dungu usiku kucha. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, bibi alitoka kwenda kuokota kuni, nami nikaamka nikamfuata bila yeye kujua, nimejifunika khanga yake. Nilikata njia katikati ya mahindi. Babu alisikia mabua yakivunjika. Akaona vichwa vya mahindi vikitikisika, vinakuja upande wake, chini kabisa, kimo cha nguruwe. Alikuwa amengoja usiku wote na gobore limeshashindiliwa. Akatega nyundo. Akalenga pale yanapotikisika.

"Alingoja," bibi alisema. "Mpaka ukatokea kwenye mstari wa kunde. Akaona ile khanga. Alishuka kwenye dungu akakaa chini, akashindwa kuongea mpaka jua lilipotoka. Ndiyo siku hiyo alipoleta sheria ya hodi."

Sikumbuki hata kidogo. Nimejaribu. Nakumbuka kibanda, nakumbuka harufu ya moshi, sikumbuki alfajiri hiyo. Nilimtazama babu. Macho yake meupe yalikuwa yameelekea barabarani, kule yanakopita malori.

"Watu wangesema nilikuwa na subira," alisema hatimaye. "Sikuwa na subira. Nilikuwa na baruti ya mara moja tu, na siku zile baruti ilikuwa shida. Nisingeweza kuipoteza kwa mabua. Ile subira haikuwa yangu, ilikuwa ya gobore. Ningekuwa na ya kumi na tano, ningepiga ya kwanza nione nini kinapiga kelele."

Hakuna aliyejibu. Baba mdogo alichukua kijiti cha kushindilia akakifuta na kitambaa, ingawa kilikuwa kimeshafutwa.

Nimelifikiria neno hilo la babu mara nyingi tangu siku hiyo. Bonde letu si geni kwa bunduki. Wazigua wa tambarare walizipata kutoka pwani kabla ya watu wa milimani, na Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862 mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, ndiye aliyezikusanya, akatumia nguvu hiyo kumwangusha mtoto wa kaka yake aliyekuwa akitawala Vuga. Kwa muda mrefu hapa swali la bunduki limekuwa ni nani anazo nyingi na nani anapiga haraka. Daftari langu lilikuwa limeandikwa kwa swali hilohilo, tena kwa bei nafuu. Nilihesabu risasi ngapi, kilo ngapi, dola ngapi. Faida ambayo ilinifanya mimi niwe hai sikuwa nimeiwekea safu, kwa sababu kwenye orodha yoyote ingeandikwa upande wa kasoro: inachelewa.

Usiku ule nililala shambani pamoja na baba mdogo. Babu naye alikuja, ameshikwa mkono, na gobore lake. Tulikaa kwenye dungu watatu, tumebanana. Saa nane usiku walikuja. Niliwasikia kwanza, kishindo kidogo na kutafuna, kisha mahindi yakaanza kulala. Baba mdogo alinyoosha mkono kuelekea gobore na babu akaliweka upande wa pili.

"Kibali kina jina langu," alinong'ona.

"Wanamaliza, baba."

"Unaona nini nyuma yao?"

Baba mdogo aliwasha tochi. Tuliona mabua, na migongo miwili mitatu inayong'aa, na baada ya hapo giza. Nyuma ya giza hilo, sote watatu tulijua, kuna kibanda cha jirani ambaye naye alikuwa analala shambani na watoto wake.

Tukagonga debe. Tulipiga kelele mpaka koo zikakauka. Waliondoka taratibu, kama watu waliomaliza shughuli zao. Asubuhi tulihesabu: mistari minane. Si kitu kidogo. Ni unga wa wiki kadhaa, na babu hakusema kwamba si kitu. Alisema tu, "Tumehesabu mahindi," na baba mdogo akamuelewa kabla yangu.

Siku iliyofuata baba mdogo aliomba daftari. Alipitisha kidole kwenye ukurasa wa Henry, akatazama picha niliyobandika, akafungua ukurasa wa mwisho ambako nilikuwa nimeandika kwa haraka maneno mawili, mtutu mmoja. Akauliza bei ya ile iliyotumika. Nikamwambia. Akauliza kama mtu wa mashoto anaweza kuitumia. Nikamwambia inavunjika katikati, haina upande.

"Haina sura," alisema.

"Hata muuzaji alisema hivyo."

Bunduki hairithiwi kama jembe. Sheria ya sasa ya kudhibiti silaha na risasi ni ya mwaka 2015, ilichukua nafasi ya ile ya 1991, na kibali ni cha mtu, si cha nyumba. Ombi linaanzia mtaani, kwa watu wanaokujua, wanaojua kama unalewa na kama unampiga mkeo, ndipo linapanda kwenda kata, polisi, wilaya na kuendelea. Baba mdogo alilalamika kuhusu safari hizo mpaka babu akamwambia kuwa hizo nazo ni za kushindilia. Alipokwenda kwa mwenyekiti, swali la kwanza aliloulizwa ni nani atakayemfundisha. Akamtaja babu. Mtu asiyeona ndiye mwalimu wake: wanakaa barazani na fimbo, babu anamwambia lenga, kisha anamuuliza kuna nini nyuma. Baba mdogo anajibu. Nyumba ya mwalimu. Mbuzi. Mwanangu. Asipojibu, babu anamwambia ashushe.

Kuna siku nilimkuta peke yake nyuma ya jiko na fimbo ileile, anaisukuma pete isiyokuwepo, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nilirudi kimyakimya kabla hajaniona.

Fomu imeshapita kata. Bunduki ikija, gobore la babu litapelekwa kituoni kukabidhiwa, na ameshasema atalipeleka mwenyewe, akiwa amevaa koti. Kwenye daftari nimeongeza ile safu iliyokosekana, na nimeijaza kwa kila bunduki niliyoiandika, hata zile ambazo hatutazinunua.

Kabla sijarudi chuoni nilikwenda shambani mara moja zaidi kuchukua mahindi ya kuchoma. Ilikuwa mchana kweupe, baba mdogo yuko mjini, babu amelala nyumbani. Hakukuwa na mtu yeyote kwenye dungu. Nilisimama chini ya mwembe, nikapiga hodi mara tatu kwa sauti, nikangoja kidogo, ndipo nikaingia.